GAWIO SIO HELA YA SIKUKUU

Leo naomba tuongee kitu ambacho wengi wetu tunakipitia juu juu: ile hela inayoingia mara moja kwa mwaka kutoka kwenye hisa zako, au kutoka SACCOS, au siku kikundi kinapogawana. Gawio. Linaingia, simu inalia mlio, na kabla jua halijazama lishapata kazi. Viatu vya mtoto, nyama, deni la kitambo, bando.

Msimamo wangu nauweka wazi mwanzoni ili ukitaka kubisha ujue unabisha nini. Naamini mfanyabiashara mdogo anayekula gawio lake kila mwaka hajawekeza, amepanga tu foleni ya kupokea zawadi ndogo. Uwekezaji unaanza siku gawio linaporudi lilikotoka na kununua hisa nyingine.

Mimi sijasoma uhasibu. Nina duka la vyakula na elimu yangu ni ya sekondari. Lakini hesabu za jambo hili hazizidi kuzidisha na kugawanya, kazi unayoifanya kila siku ukipiga bei ya sukari ya kilo kutoka kwenye mfuko wa kilo 50. Shika kikokotoo twende.

GAWIO NI NINI HASA

Kampuni ikipata faida, wenye kampuni wanakaa mkutano mkuu wa mwaka na kuamua: kiasi gani tugawane, kiasi gani kibaki kwenye biashara. Kile cha kugawana ndiyo gawio. Wewe mwenye hisa 100 unapata mara 100 ya kiasi kilichotangazwa kwa hisa moja, kikishakatwa kodi. Kwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kodi ya zuio kwenye gawio ni asilimia 5. Inakatwa hukohuko, wewe unapokea kilichobaki.

Hapa kuna kitu wengi hawakiangalii. Chukua matokeo ya mwaka 2024 ya benki zetu mbili kubwa, CRDB na NMB. Zote mbili ziligawa takriban theluthi moja ya faida. Theluthi mbili zilibaki ndani ya benki, zikakopeshwe upya, zizalishe tena.

Umeiona hiyo? Kampuni yenyewe hailii faida yake yote. Inarudisha sehemu kubwa kwenye mzunguko, na ndiyo maana inakua. Halafu ile theluthi ndogo inayokufikia wewe, unaimaliza yote kwa siku mbili. Mwenye akili ya kukua hapo ni benki, wewe bado.

HESABU YA DUKANI

Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba nyepesi. Una hisa 1,000. Bei ya hisa moja ni shilingi 500, kwa hiyo umeweka 500,000. Kila mwaka kampuni inatoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Ukitoa kodi ya asilimia 5, mkononi unabaki na 47.50 kwa kila hisa, yaani 47,500 kwa mwaka. Ili hesabu isituchanganye, tuseme bei haipandi wala haishuki, gawio nalo halibadiliki.

Mtu wa kwanza anakula. Kila mwaka 47,500, miaka 20. Jumla amekula 950,000. Hisa zake bado ni 1,000, thamani yake bado 500,000.

Mtu wa pili anarudisha. Mwaka wa kwanza 47,500 inamnunulia hisa 95. Sasa ana 1,095. Mwaka wa pili gawio lake sio 47,500 tena, ni kama 52,000, maana zile hisa 95 mpya nazo zimeleta chao. Ananunua nyingine kama 104. Mwaka wa tatu gawio linakaribia 57,000. Anaendelea hivyohivyo bila kutoa hata shilingi moja dukani.

Mwaka wa 10 unapoisha ana hisa kama 2,480. Mwaka wa 20 unapoisha ana kama 6,140, thamani yake inazidi milioni 3. Ukijumlisha vyote vya mtu wa kwanza, alichokula na hisa alizobaki nazo, unapata 1,450,000.

Ila mimi kinachonigusa zaidi sio hiyo jumla. Angalia gawio la mwaka wa 20 peke yake. Mtu wa kwanza bado anapokea 47,500 ileile, na miaka 20 baadaye hiyo hela hainunui tena vitu ilivyokuwa ikinunua. Mtu wa pili gawio lake la mwaka huo mmoja ni kama 266,000. Yeye akiamua sasa kuanza kula, anakula zaidi ya mara tano ya mwenzake kila mwaka, na mtaji haujaguswa.

Kwenye soko halisi namba zitapungua kidogo, maana kila ukinunua kuna kamisheni ya dalali na tozo za soko. Na gawio halina ahadi. Kuna mwaka linapanda, kuna mwaka linashuka, na zipo kampuni zilizoorodheshwa ambazo zimepitisha miaka bila kutoa hata senti. Kwa hiyo usichukue mfano wangu kama ahadi ya mtu. Chukua umbo lake: mmoja anatembea pale pale, mwingine anapanda ngazi.

BEI IKISHUKA NDIPO KURUDISHA KUNAKOLIPA

Sasa tutoke kwenye mfano twende kwenye kitu kilichotokea.

CRDB iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Miaka 10 baadaye, mwishoni mwa 2019, hisa hiyo ilikuwa inauzwa sokoni chini ya 150. Fikiria umekaa miaka 10 halafu bei iko chini ya uliyonunulia. Ni rahisi kuelewa mtu aliyeuza kwa hasira, au aliyesahau hata karatasi zake ziko wapi.

Lakini gawio lilikuwa linakuja. Kwa matokeo ya mwaka 2019 benki ilitoa shilingi 17 kwa hisa. Mwaka 2020, shilingi 22. Mwaka 2021, 36. Mwaka 2022, 45. Mwaka 2023, 50. Mwaka 2024, 65. Jumlisha hiyo miaka sita: 235 kwa hisa kabla ya kodi. Aliyenunua mwanzo kwa 150 amerudishiwa hela yake na chenji juu kwa gawio la miaka sita tu, na hisa bado anazo.

Sasa jiulize, katika miaka ile bei ilipokuwa chini, aliyekuwa anarudisha gawio alikuwa anapata nini? Alikuwa anapata hisa nyingi kwa hela kidogo. Rudi kwenye mfano wetu: 47,500 kwa bei ya 500 ni hisa 95. Bei ikianguka hadi 250, hela ileile inakupa hisa 190. Halafu gawio likija kupanda, linapanda juu ya hisa zote hizo.

Wewe mwenye duka hili unalijua kuliko wasomi. Mchele ukishuka bei kwa muuzaji wa jumla hukimbii kwenda kuuza ulio nao kwa hasara. Unaongeza magunia. Kwenye hisa watu wanafanya kinyume: bei ikipanda wanakimbilia, ikishuka wanakimbia. Kurudisha gawio kila mwaka bila kuangalia sura ya soko kunakuondolea hiyo tabia. Bei ya juu unanunua chache, bei ya chini unanunua nyingi, na hujakaa kutabiri chochote.

Sisemi nenda kanunue CRDB. Nimeitaja kwa sababu habari zake ziko wazi na kila mtu anaweza kuzisoma. Hiyo iliinuka. Nyingine inaweza isiinuke. Ndiyo maana gawio la kampuni moja sio lazima lirudi kampuni ileile; unaweza kulipeleka kwenye nyingine ili usiweke mayai yote kwenye tenga moja. La msingi ni kwamba lisiishie jikoni.

"LAKINI DUKA LANGU LINAZALISHA ZAIDI"

Hii ndiyo hoja nzito, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Mtu anakwambia: hisa inanipa asilimia 10 kwa mwaka, mimi katoni ya sabuni inaisha kwa wiki na faida inaonekana. Nipeleke gawio kwenye hisa za nini? Narudisha dukani.

Ni kweli kabisa, mzunguko wa duka una kasi. Lakini duka lina mwisho wake. Mtaa wako una kaya ngapi? Wananunua sabuni ngapi kwa wiki? Ukishafikia hapo, katoni ya ziada haiuzi zaidi, inakaa tu kwenye kona. Biskuti zinapita tarehe, unga unaingia wadudu, na wewe unaona duka limejaa ukadhani mtaji umekua.

Kipimo changu ni hiki. Shika daftari wiki mbili. Kila mteja akiulizia kitu huna, andika. Kama kuna bidhaa imeulizwa tena na tena, na ukiiweka itaondoka ndani ya mwezi, basi peleka gawio huko, hakuna ubishi. Kama daftari limebaki jeupe, duka lako halina njaa. Usililishe kwa nguvu.

Kuna jambo la pili. Duka linakuhitaji wewe. Ukiugua wiki tatu linafungwa, au analishika mtu ambaye hesabu zake utazijua ukirudi. Mwenye nyumba akiongeza kodi au akilitaka fremu lake, unahama na wateja wanabaki. Barabara ikipanuliwa na ukuta ukapigwa alama ya X, ndiyo imetoka hiyo. Hisa hazijui kama umelala wodini. Mwenye duka ambaye kila shilingi yake iko ndani ya fremu moja, hata kama ni tajiri wa mtaa, yuko kwenye mguu mmoja.

Kwa hiyo mimi naona hivi: faida ya duka ilishe duka, gawio lilishe hisa. Vijiko viwili, vyungu viwili. Ukichanganya, kimoja kitakufa na mara nyingi kinachokufa ni kile kisicho na mteja wa kukupigia kelele.

VIKUNDI VYETU NA DESEMBA

Wengi wenu mtaniambia hamna hisa za DSE, mna kikundi. Sawa, somo ni lilelile, na huku ndiko hela nyingi zaidi inakopotelea.

Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, VICOBA na ndugu zake, vina desturi ya kugawana mwisho wa mzunguko. Wiki hadi wiki mnanunua hisa za kikundi, mnakopeshana, mnalipa na nyongeza, Desemba sanduku linafunguliwa kila mtu anaondoka na chake. Januari mnaanza upya.

Siipondi desturi hiyo. Ina akili yake. Kugawana kila mwaka kunasafisha hesabu, kila mtu anaiona hela kwa macho, aliyekuwa na wasiwasi na mweka hazina anatulia. Kikundi kisichogawana kamwe ndicho kinachoanza kunong'onezana.

Tatizo ni wewe unapoenda nyumbani. Tuseme kila Desemba unaondoka na 600,000, na kufika Januari katikati imeisha. Ukifanya hivyo miaka 10, hujaweka akiba miaka 10. Umeweka akiba mwaka mmoja, mara 10. Kila Januari uko sifuri, na faida haijawahi kupata muda wa kuzaa faida.

Sasa chukua hiyo 600,000, kula 400,000. Ndiyo, kula. Sikukuu ipo, ada ipo, watoto wanataka nguo. Ila 200,000 ipeleke mahali inapotulia, na kile inachozalisha kirudi hukohuko. Tukitumia kiwango cha mfano wetu cha asilimia 9.5 baada ya kodi, ukiweka 200,000 kila mwaka kwa miaka 10 unakuwa na kama 3,110,000. Ulizotoa mfukoni ni 2,000,000. Nyongeza ni milioni moja na kidogo. Unaweza ukasema mbona ndogo.

Endelea miaka 10 mingine. Jumla inafika kama 10,820,000, na ulizotoa mfukoni ni 4,000,000 tu. Miaka 10 ya kwanza nyongeza ilikuwa kama milioni 1.1. Miaka 10 ya pili nyongeza ni kama milioni 5.7. Mtu yuleyule, kiasi kilekile cha kuweka. Tofauti ni kwamba kile cha mwanzo kilishakuwa kikubwa, kikaanza kufanya kazi kuliko wewe.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea saa. Wanaacha mwaka wa tano kwa sababu hawaoni kitu. Mwembe nao mwaka wa pili hauna embe, na hakuna mtu anayeukata kwa sababu hiyo.

NANI ASIRUDISHE

Nisije nikaonekana nahubiri tu. Kuna watu watatu ambao leo hii nikiwaona wanarudisha gawio kwenye hisa nitawazuia.

1. Mwenye mkopo wa kausha damu. Kama kuna mtu unamlipa asilimia 20 au 30 kwa mwezi, hakuna hisa duniani itakayoshindana na deni hilo. Gawio lote likapunguze deni. Hiyo ndiyo hisa yako kwa sasa.

2. Asiye na akiba ya dharura. Ukiuguliwa kesho utalazimika kuuza hisa kwa bei yoyote itakayokuwepo, na kwenye soko letu kuna siku wanunuzi ni wachache na unasubiri. Weka kwanza hela ya miezi mitatu ya kula na kodi ya fremu mahali unapoweza kuichukua haraka.

3. Mzee au mama aliyeshafanya kazi yake. Kama umerudisha miaka 20, sasa ni zamu yako kula. Gawio lina mwisho wake mzuri, na mwisho huo ni kukulisha usipoweza kusimama dukani kutwa. Sisi vijana ndio hatuna haraka hiyo.

NAMNA YA KUFANYA

Huku kwetu usisubiri mtu akurudishie gawio lako. Usipolishika wewe mwenyewe, halitarudi. Kwa hiyo:

Fungua akaunti kupitia dalali wa soko la hisa, au tumia mfumo wa DSE wa Hisa Kiganjani kwenye simu. Hakikisha taarifa zako za malipo ni sahihi na namba ya simu haijabadilika. Magawio mengi ya watu hayajachukuliwa kwa sababu ndogo kama hizo.

Elekeza gawio liingie kwenye akaunti tofauti na ile ya mauzo ya duka. Likiingia kwenye laini unayolipia mzigo, limekwisha.

Gawio likiwa dogo sana, mfano 4,000, usikimbilie kununua siku hiyohiyo, makato yatalitafuna. Liache, ongezea na akiba ya duka mpaka lifike kiasi cha maana, ndipo ununue.

Kama huna muda wa kufuatilia kampuni, angalia mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS. Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, haukugawii gawio. Kinachozalishwa kinabaki ndani na thamani ya kipande ndiyo inayopanda. Mfuko wa Jikimu umetengenezwa kwa wanaotaka gawio, ila una mpango wa kulirudisha pia. Siku ya kujaza fomu, soma hicho kipengele. Alama moja ya kalamu pale inaamua miaka 20 ya mbele.

Kwenye SACCOS, mkutano mkuu ukipitisha gawio, muulize karani kama unaweza kuliongeza kwenye hisa zako. Muulize kabla hujasaini kulichukua.

Mwisho, andika. Daftari la duka unalo, ongeza ukurasa mmoja: tarehe, hisa ngapi, gawio kiasi gani, limenunua hisa ngapi. Mwaka wa kwanza mstari mmoja utaonekana kichekesho. Mwaka wa sita utajikuta unafungua huo ukurasa kuliko mingine yote.

Msimu wa magawio kwa kampuni nyingi ni kati ya mwaka, mikutano mikuu ikishapita. Yaani una muda wa kuamua sasa, kichwa kikiwa kimetulia, kabla hela haijaingia. Maana ikishaingia, anayeamua sio wewe tena, ni shida iliyo karibu zaidi.

Ukiona andiko hili lina faida, mtumie mwenzako mmoja mwenye duka au mwenye kikundi. Anayebisha naye aje na hesabu zake, tupige pamoja. Biashara njema.